Betri Iliyojazwa Ukweni

Kila gari lililoshuka Mteremko wa Uporoto lilifika mjini likiwa na umeme mwingi kuliko liliotoka nao juu. Dereva aliinua tu mguu kwenye pedali ya mwendo. Mota ikageuka jenereta, ikapunguza mwendo, na nguvu ya mteremko ikaingia kwenye betri. Mtambo huo uliitwa breki-rejeshi. Dereva aliuchagulia kiwango, kuanzia cha kwanza, kilicho laini, hadi cha nne, kinachosimamisha gari bila breki ya mguu kukanyagwa. Anyosisye Mwaipaja alikuwa ameuacha kwenye cha nne kwa miaka sita.

Sasa alikaa mbele ya Mhandisi Tusekile, mchunguzi wa ajali. Leseni yake ilikuwa mezani kati yao, na majibu yake ndiyo yangeamua kama angerudishiwa. Nyuma yake walikaa baba mkwe wake, Mzee Kalinga, na Subilaga, muuza maua aliyegongwa, mguu wake ukiwa ndani ya plasta ngumu.

“Ulianza kushuka na betri ya asilimia ngapi?”

“Mia.”

“Na kikomo cha mteremko ule?”

“Themanini.”

Alikijua vizuri. Betri iliyojaa haina pa kuweka umeme zaidi, hivyo breki-rejeshi hujizima. Lakini huko juu, ukweni, mwenyeji ndiye huchomeka gari la mgeni kwenye chaji, na mgeni akichomoa waya kabla betri haijajaa, ni kama amekataa chakula.

“Niliijaza mimi,” Mzee Kalinga alidakia. “Mkwe wangu aondoke na betri pungufu, majirani wangesemaje? Niandike mimi, mwanangu.”

“Mzee, wewe hukuwa kwenye usukani.”

“Hata yeye hakuwapo,” Subilaga alisema. “Alikaa pale kama abiria aliyelipa nauli.”

Mhandisi hakucheka. “Skrini ya gari ilikuonya kwamba betri imejaa, utumie breki ya mguu. Ukabonyeza ‘Nimeelewa’. Ulisoma?”

Anyosisye alifikiri. Madereva wenzake wawili walikwisha kudai kwamba maandishi yale ni madogo mno, na leseni zao wakarudishiwa.

“Sikusoma. Huwa nabonyeza tu.”

Mzee Kalinga aliguna kwa uchungu.

“Tangu ulipomwona huyu dada kwenye kivuko hadi ulipomgonga zilipita sekunde nne,” Tusekile aliendelea. “Kinasa-safari kinaonyesha hukugusa breki hata mara moja. Sekunde zote hizo ulikuwa ukifanya nini?”

Anyosisye aligeuza kiti, akamtazama Subilaga.

“Niliinua mguu, dada yangu. Halafu nikasubiri gari lisimame.”

Tusekile aliandika jibu hilo neno kwa neno, kisha akaichukua leseni na kuifungia kwenye droo.