Kisima cha Kasangala na Sanduku Ambalo Halikuwepo

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Recheli alichota maji ndoo mbili. Moja ilikuwa ya nyumbani kwao na nyingine ya bibi yake. Kisima cha Kasangala kilikuwa nyuma ya nyumba ya bibi huyo, Bibi Getruda, karibu na njia ya zamani ambayo wapagazi waliipita wakibeba pembe za ndovu kutoka Ujiji kwenda pwani. Wapagazi walikunywa maji pale. Sasa walikunywa watu wa kaya arobaini, kwa sababu bomba la Tabora mjini lilikuwa halijafika kijijini.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Maji yamefika wapi leo?"

"Bado vidole vitatu kushuka hadi kwenye alama."

"Vidole vyako au vyangu?"

"Vyangu, Bibi."

"Basi ni viwili," alisema Bibi Getruda, akaendelea kupepeta mtama wake.

Ndani ya kisima, kwenye jiwe moja la ukuta, kulikuwa na alama ya msalaba. Marehemu Babu Alois, mume wa Bibi, aliichonga kwa patasi mwaka wa ukame mkubwa. Maji yakishuka chini ya alama ile, hakuna aliyeruhusiwa kuchota ya ng'ombe, ya matofali wala ya kufulia. Kila kaya ilipata ndoo mbili za kunywa na kupikia, basi, mpaka mvua zinyeshe. Bibi Getruda ndiye aliyesimamia. Hakuwa na cheo wala malipo. Watu walimtii kwa sababu yeye mwenyewe hakuwahi kuchota ndoo ya tatu.

Recheli alikuwa darasa la sita. Jioni, akimaliza kazi, alipiga video na mwenzake Murtadha, mtoto wa Mzee Nabhan mwenye duka. Murtadha alishika simu ya baba yake, Recheli akatangaza. Walikuwa na chaneli yao mtandaoni, wakaiita Njia ya Misafara. Walikuwa wameonyesha jumba la udongo la zamani lenye milango ya kuchongwa. Walipopata lifti ya gari la asali mpaka Ipole, walipiga video ya pofu wanane, wale wanyama wakubwa kama ng'ombe, wakivuka barabara. Ilikuwa kazi nzuri. Tatizo ni kwamba hakuna aliyeitazama.

"Watu arobaini na mmoja," alisema Murtadha.

"Kwa siku ngapi?"

"Wiki tatu. Na humo, kumi na tano ni wewe. Kila nikikupa simu unajitazama."

"Sijitazami. Nasikiliza sauti yangu."

"Haya, mheshimiwa mtangazaji. Kuna jamaa wa Dar amepiga video ya mbuzi amepanda pikipiki. Laki tatu! Sisi tumewaletea pofu, wao wanataka mbuzi."

Walikuwa wamesimama kisimani. Murtadha aliinua simu tena. "Leo sema kitu cha maana. Ukisema tu hapa wapagazi walikunywa maji, watu watalala."

Recheli alichungulia ndani, akaiona ile alama.

Huko Tabora, kila mtoto amesikia habari za mali ya Mjerumani. Watu husema kwamba Wajerumani walipokimbia wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia walifukia masanduku ya rupia, pesa za enzi hizo, na kuweka alama kwenye mawe. Watu wazima wenye akili zao wamechimba vilima na makaburi, wakaambulia mashimo. Recheli alizijua habari hizo. Alijua pia ni nani aliyeichonga alama ile, na kwa nini.

"Alama hii," aliiambia simu kwa sauti ya taratibu, "iliwekwa na Wajerumani mwaka 1916. Wazee wa hapa wanasema nyuma ya jiwe hili kuna sanduku. Hakuna aliyewahi kuthubutu kuligusa."

Murtadha alishusha simu. "Kweli?"

"Umekata? Mbona umekata! Ndivyo wanavyosema."

"Wanasema akina nani?"

"Rusha video, Murtadha."

Siku ya tano, video ilikuwa imetazamwa na watu elfu sitini. Shuleni wanafunzi wakubwa walimwita Recheli kwa jina. Mwalimu mmoja alimtaka arudie maneno yake mbele ya darasa, naye akayarudia, safari hii akaongeza kwamba sanduku lilikuwa la chuma. Mtazamaji mmoja aliandika akiuliza kisima kiko wapi hasa. Recheli alijibu mwenyewe: "Kasangala, nyuma ya nyumba ya Bibi Getruda. Ukifika ulizia, kila mtu anapajua."

Jumapili iliyofuata, karibu kijiji kizima kilikuwa kanisani. Bibi Getruda alibaki nyumbani kwa sababu ya miguu. Wanaume watano walifika na gari, wakiwa na sururu, mitalimbo na mashine ya kupimia madini. Walimwonyesha Bibi karatasi yenye mhuri. Bibi hakujua kusoma. Alisimama mbele ya kisima, akawaambia wasubiri watu warudi kutoka kanisani, waongee nao. Mmoja akamshika mabega, akamsogeza kando kama mtu anavyosogeza kiti.

Waling'oa jiwe lenye alama. Nyuma yake kulikuwa na udongo. Waling'oa la pili na la tatu, wakachimba kuingia pembeni, mpaka ukuta wa upande ule ukaporomoka ndani. Walipoona hivyo, walipanda gari wakaondoka.

Watu waliporudi walikuta tope. Ilikuwa mwezi wa kumi, na mvua ilikuwa bado sana.

Mchana huohuo Mzee Raymundi, mwenyekiti wa kitongoji, aliita mkutano pale pale kisimani. Kila mtu alikuwa ameshaiona video. Recheli aliitwa mbele.

"Mtoto, usiogope," alisema mwenyekiti. "Nani alikuambia habari za sanduku?"

Recheli aliwatazama watu. Baba yake, Vedasto, alikuwa amekunja mikono. Murtadha alikuwa anatazama chini. Jibu la kweli lilikuwa fupi, lakini alishindwa kulitoa.

"Bibi ndiye aliyeniambia," alisema.

Watu wote wakageuka. Bibi Getruda alikuwa amekaa kwenye mkeka. Alimtazama mjukuu wake, akasema, "Mjukuu wangu si mwongo. Labda nilisema, nikasahau. Mimi ni mzee."

Recheli angeweza kusema palepale. Hakusema.

Kuanzia siku hiyo, wanawake na watoto walitembea saa moja na nusu kwenda lamboni, wakachota maji waliyokunywa ng'ombe. Watoto wadogo wakaanza kuharisha. Na kwa kuwa watu walikuwa na hasira na hawakuwa na wa kumlaumu, walimlaumu Bibi Getruda.

"Miaka yote hii anatuhesabia ndoo, kumbe amekalia mali," walisema.

"Wale wamekuta shimo tupu. Unadhani ni kwa nini? Alishalihamisha sanduku."

Alhamisi, Recheli alipotoka shule, alikuta vijana sita ndani ya jiko la Bibi. Walikuwa wameyatoa mafiga na kuchimba sakafu hadi kiunoni. Mtama wa Bibi ulikuwa umemwagwa nje, kuku wanakula. Bibi alikuwa amekaa kizingitini, ameweka mikono mapajani. Hakuwa analia. Alikuwa anawatazama tu, na wengi wao walikuwa watoto aliowapokea yeye walipozaliwa.

"Acheni!" Recheli alipiga kelele. "Hakuna sanduku! Nilitunga!"

Kijana mmoja alicheka kutoka shimoni. "Bibi yako amekufundisha vizuri. Chimba, jamani."

Recheli alikimbia mpaka shambani kwa baba yake. Alimweleza yote akihema: alama, video, jibu alilomwandikia mgeni, na yale aliyoyasema mkutanoni. Vedasto hakumpiga. Aliweka jembe chini, akamshika mkono, wakaenda kwa mwenyekiti.

Jioni ile watu waliitwa tena. Recheli alisimama akasema: "Alama aliichonga Babu Alois. Bibi hakuniambia habari yoyote ya sanduku. Nilidanganya kwenye video, na nilimsingizia Bibi hapa mbele yenu."

Wengine walimwamini, wakaona aibu. Mwenyekiti aliwaamuru wale vijana wafukie shimo na kusakafia jiko upya, nao walifanya hivyo. Wengine hawakuamini hata kidogo. Mwanamke mmoja alisema kwa sauti, "Wamekaa kifamilia, wamepanga maneno." Akaondoka na watoto wake.

Murtadha aliifuta ile video. Walipiga nyingine, Recheli akisema ukweli bila kupamba. Ilitazamwa na watu mia mbili. Ile ya uongo ilikuwa imeshachukuliwa na watu wengine, wakairusha kwenye chaneli zao, na huko hakuna aliyeweza kuifuta.

Ujenzi wa kisima ulichukua wiki tatu. Vedasto alimwita Shilinde, fundi wa visima kutoka Ziba, na wanaume wa kijiji wakatoa tope kwa zamu. Recheli na Murtadha walibeba mawe kila siku baada ya shule, bila kuambiwa wapumzike. Maji yalirudi. Watu waliacha kwenda lamboni, na watoto wakapona.

Bibi Getruda hakurudi kusimamia. Mwenyekiti alikwenda kumwomba mara mbili.

"Mtu anayehesabia wenzake maji lazima aaminiwe," alimjibu. "Mimi nimeshachimbiwa jikoni. Tafuteni mwingine."

Alimpokea Recheli kila asubuhi, akaitikia shikamoo yake, akapokea ndoo yake. Lakini hakumuuliza tena maji yamefika wapi.

Jumamosi moja Recheli alikuwa kisimani na baba yake. Pikipiki ilisimama. Wanaume wawili walishuka, mmoja ana jembe mgongoni.

"Habari za hapa? Tunatafuta kisima cha Mjerumani."

Vedasto alimtazama binti yake.

"Hakuna sanduku," alisema Recheli. "Mimi ndiye yule wa kwenye video. Nilidanganya."

Yule mwenye jembe alitabasamu. "Dogo, tumetoka mbali. Sema ukweli tu, tutakukumbuka."

"Huo ndio ukweli."

"Sawa, wamekukataza kusema. Tunaelewa."

Walibishana naye kwa muda mrefu. Alirudia maneno yaleyale. Mwishowe waliondoka, na waliondoka bila kumwamini. Ndipo Recheli akamgeukia baba yake, machozi yakimlengalenga.

"Baba, kwa nini hukunisaidia?"

"Nikusaidie nini? Umesema vizuri," alisema Vedasto. "Sikiliza, Recheli. Mimi sikusoma sana, lakini hili nalijua. Ulidanganya kwa dakika moja, ukasikilizwa na watu ambao hutawaona maishani mwako. Huwezi kwenda nyumba hadi nyumba kuwaambia ulikosea. Na unaowafikia hawataki kukuamini, kwa sababu wameshakusikia ukidanganya. Bibi yako amekusamehe, na mimi nimekusamehe. Lakini heshima aliyokuwa nayo hapa kisimani hatuwezi kuijenga kwa mawe. Ndiyo maana mtu asiseme uongo, hata wa mchezo, hata wa kupendwa na watu. Anayelipa si yule aliyeusema peke yake."

"Sasa nitawajibu hawa watu mpaka lini?"

"Mpaka waache kuja."

Recheli alijifuta uso kwa kiganja. Huko barabarani pikipiki nyingine ilikuwa imepunguza mwendo, na mtu alikuwa anamuuliza mtoto wa jirani nyumba ya Bibi Getruda ni ipi. Recheli aliweka ndoo chini, akaenda kumjibu.