Mlaji wa Sahani Iliyofunikwa

Mtu aliyekatazwa kula hawezi kuamka ameshiba. Hilo halihitaji elimu. Lakini Mama Mwiko, mpishi mkuu wa kantini ya kiwanda cha sabuni, aliamka saa saba mchana kwenye kochi la sebuleni kwake, siku ambayo hakutakiwa kutia kitu mdomoni tangu alfajiri, na tumbo lake lilikuwa limejaa pomoni. Akacheua. Ikaja ladha ya nyama.

"Njaa inanichezea," alijisemea.

Akaoga. Akafuta rangi ya kucha kama alivyoelekezwa, akaivua pete ya ndoa kwa sabuni, akaenda hospitali. Alikuwa na kinyama ndani ya kizazi, si kikubwa kuliko ncha ya kidole, na kinyama hicho kilikuwa kikimtoa damu siku ishirini katika mwezi. Daktari alimwambia ni kazi ndogo: unapewa nusu kaputi, kinatolewa kwa njia ya chini bila kupasua tumbo, robo saa imekwisha, jioni unalala kwako. Asipokitoa, damu itamwisha. Na ilikuwa ikimwisha kweli, maana ngazi tatu za kantini alikuwa akizipanda kwa kushika ukuta. Asubuhi chumba cha upasuaji kilikuwa cha wajawazito, kazi ndogo zikangoja alasiri. Ndiyo maana alifunga mchana.

Mlangoni mwa chumba hicho akatapika. Wali na nyama, juu ya viatu vya nesi.

"Mama! Tulikwambia nini? Ukilazwa usingizi na chakula tumboni, kinapanda, kinaingia mapafuni, unatufia mezani!"

"Sijala, mwanangu. Haki ya Mungu sijala."

Nesi akaitazama fomu. "Kazi, mpishi. Basi ndiyo hayo. Mpishi na kuonja, nani atawatenganisha?"

Mama Mwiko akaamini. Miaka ishirini amekuwa akidondoshea mchuzi kiganjani na kuulamba bila hata kujijua, atabisha nini? Akarudi nyumbani na aibu yake. Alipompigia mumewe, dereva wa malori, mume alicheka. "Mwoga hakosi sababu," akasema, akakata simu.

Wiki iliyofuata alijihami. Hakwenda kazini. Jiko akalifunga kwa kufuli. Juu ya meza ya chakula ilibaki sahani moja tu, ile ya mumewe, imefunikwa kwa kawa kama kila siku. Mumewe husafiri usiku. Yeye hulala mapema kwa kuwa kantini inamtaka saa kumi alfajiri. Kwa hiyo kila jioni humwekea chakula, na asubuhi huikuta sahani nyeupe, imelambwa. Safari hii mume hakupita usiku, chakula kikalala. Hakushangaa. Akajifunga kitambaa mdomoni, akajilaza kochini, kichwa kinamzunguka kwa upungufu wa damu.

Alikuwa kati ya usingizi na macho aliposikia kijiko kikikwaruza sahani. Nje jua lilikuwa kali, jirani anaanika nguo na kumgombeza mwanawe, na humo sebuleni, mchana kweupe, kikapita kitu kwenye sakafu bila haraka, kikakaa kwenye mkono wa kochi hadi mbao zikalia, ikaja harufu ya jivu lililomwagiwa maji, kitambaa kikafunguliwa fundo nyuma ya kisogo chake na vidole vilivyojua kufungua, taya ikashikwa, ikafumbuliwa taratibu, kama mama anayemlisha mtoto mwenye homa, na kijiko kikaingia, kikatoka, kikaingia tena, naye anataka kupiga kelele lakini kila akivuta pumzi inabidi kwanza ameze.

Alipoweza kuinuka, kitambaa kilikuwa kifuani mwake, kimekunjwa vizuri. Mdomo wake ulikuwa umefutwa.

Hospitali wakamkatalia tena, hawakutaka hadithi. Daktari alimpima damu, akatikisa kichwa. "Alhamisi ijayo ndiyo ya mwisho, mama. Baada ya hapo chumba kinafungwa kwa matengenezo ya miezi mitatu. Na wewe miezi mitatu huna."

Jumatano jioni akamwita shangazi yake, mwanamke mkavu wa maneno aliyewahi kushughulika na mambo ya majini alipokuwa na nguvu zake. Shangazi aliingia, akanusa, hata mkoba hakuuweka chini.

"Sahani ile ya nani?"

"Ya mume wangu, shangazi."

"Huja kula saa ngapi?"

"Usiku wa manane. Anakula, anaondoka na lori."

"Unamwona?"

"Namsikia."

"Sikukuuliza masikio. Mpigie. Muulize mara ya mwisho kala nini hapa."

Akapiga, akaweka sauti nje. Mume alijibu huku anatafuna.

"Kula hapo? Mimi? Huu mwaka wa pili sijatia mkono kwenye chakula chako. Nilijua unanibania, nilikuja siku mbili tatu nikaikuta sahani tupu. Mimi nakula huku."

Huku. Hakuhitaji kuuliza huku ni wapi, maana sauti ya mwanamke ilisikika ikimwuliza kama aongezewe mchuzi. Miaka miwili! Miaka miwili akichagua mnofu mzuri, akifunika, akienda kulala na moyo mweupe kwamba mume kala kwake. Machozi hayakuja. Kilichokuja ni uchungu wa nyongo, na hasira ya kujiona mjinga.

"Kesho ni siku yangu ya hospitali," alisema. "Wanataka mtu mzima wa kunipokea. Saa nane."

"Nitakuja, nitakuja," mume akasema, akakata.

Shangazi alikuwa ameshusha sauti hadi ikawa pumzi tu. "Ukifunika sahani, husema nini?"

"Husema, mwenye nyumba akija ale."

"Basi kaja. Umemlisha miaka miwili, sasa anakuona na njaa, anarudisha fadhila. Hajui kufunga ni nini. Sikiliza, mwanangu. Usiweke sahani tena. Usiseme naye. Akikosa chakula na neno, ataondoka mwenyewe, hata ichukue mwezi."

"Kesho ndiyo Alhamisi, shangazi. Mwezi nautoa wapi?"

"Ukimwomba kitu umemkubali! Unanisikia? Umemkubali!"

Kiti cha mezani, ambacho hakuna aliyekikalia, kikajivuta mbele kidogo, kama cha mtu anayekaa sawa ale. Shangazi hakuaga. Alitoka kinyumenyume, na kiatu kimoja kikabaki mlangoni. Wajuzi nao wana miguu.

Mama Mwiko alibaki amesimama. Damu ilikuwa ikimshuka mapajani, na akilini linazunguka neno moja tu, huku, huku, huku. Kisha akapika. Akapakua, akaiweka sahani mezani, hakuifunika.

"Kesho usinilishe," alinong'ona. "Nataka kupona."

Harufu ya jivu ikasogea karibu, ikatulia shingoni mwake, ikakaa hapo.

Alhamisi alikuwa na njaa. Njaa safi, ya utumbo kulia. Alikaribia kucheka.

Hospitali wakamvalisha gauni la kufungwa mgongoni, wakamtoboa mshipa, naye akatia sahihi yake kwenye fomu. Ikabaki sahihi ya wa kumpokea, maana hapewi nusu kaputi mtu asiye na wa kumrudisha nyumbani. Saa nane ikapita. Saa nane na nusu. Simu ya mume ilikuwa imezimwa.

"Dakika kumi, mama," nesi alisema. "Asipotokea tunamwingiza mwingine."

Hazikuisha. Nesi alirudi anatabasamu, fomu mkononi. "Kaja, katia sahihi. Mpole huyo! Ila ana mikono ya baridi, jamani." Kutoka ukumbini ikaingia harufu ya jivu lililolowa. "Sharti nikuulize wewe mwenyewe. Yule pale ndiye mumeo?"

Mlangoni alisimama mtu. Urefu ulikuwa wa mumewe, shati lilikuwa la mumewe, na uso ulikuwa wa mumewe kama ulivyo kwenye picha ya harusi, hata mvi moja haimo. Alikuwa amewahi zile dakika kumi, na shati kalinyoosha. Mama Mwiko alijua anachoulizwa. Kusema siye ilikuwa miezi mitatu, na miezi mitatu ilikuwa kaburi.

"Ndiye," alisema.

Daktari wa usingizi akamwambia ahesabu. Hakufika tano.

Alipozinduka, koo lilikuwa kavu na tumbo la chini likimuuma kama siku ya kwanza ya hedhi, basi. Kinyama kimetoka, nesi akamwambia, kimepelekwa maabara, damu imekata, pole na hongera. Kiganja chake kilikuwa ndani ya kiganja kingine. Hakikumwachia alipovaa, hakikumwachia alipokunywa maji, na saa kumi na mbili kasoro kikamwongoza hatua kwa hatua hadi getini.

Hapo getini mumewe, yule mwingine, alikuwa akigombana na mlinzi.

"Nakwambia mumewe keshaingia tangu mchana!"

"Mumewe ni mimi! Nimechelewa tu!" Kisha akamwona mkewe. Mama Mwiko alikuwa akija ameinamia upande mmoja, uzito wake wote ameuegemeza hewani, na haanguki.

"Mke wangu," alisema, na sauti ilikuwa ndogo. "Unatembea na nani?"

"Na aliyekuja," akajibu.

Akampita. Lilikuwa jibu tamu, alikuwa amelingoja miaka miwili bila kujua, na utamu wake ulidumu hadi barabarani. Hapo akajaribu kuuchomoa mkono, kwa kujaribu tu. Haukutoka.