Jumanne Iliyomezwa Skjervika

Kitendawili! Ukirudi kwangu nakupa ulichopoteza leo, lakini nakimeza ulichopata leo. Mimi ni nani?

Mmeshindwa? Basi nipeni mji. Mmenipa Skjervika, kaskazini kabisa mwa Norwei, ambako Desemba nzima jua halichomozi. Naupokea, maana jibu langu liko hukohuko.

Kila Jumanne, shule ikiisha, Eldrid alivuka barabara yenye theluji mpaka makumbusho madogo ya kijiji, alikofanya kazi shangazi yake, Ragnfrid. Alivua viatu mlangoni, akala mkate wenye jibini ya kahawia, kisha yeye na Jostein, mwanafunzi mwenzake, wakaketi kwenye kompyuta kuandika majina chini ya picha za kale. Picha hizo ndizo pekee zilizosalia kijiji kilipoteketezwa vitani. Nyuso nyingi hazikujulikana. Zilikutazama tu, kama mtu anayengoja umwite.

Jumanne hiyo ilikuwa ya furaha. Asubuhi Bibi Gunnvor, wa mwisho aliyewajua watu wale, alikuwa amekuja akazitaja nyuso zote kwa sauti, muda wa saa mbili. Kesho yake angesafirishwa kwenda kupasuliwa koo, na madaktari walikwisha kumwambia kwamba huenda asiseme tena. Jostein aliihamisha sauti ile kutoka kwenye kinasa sauti mpaka kwenye folda ya sauti katika kompyuta, akakisafisha kinasa kwa kufuta kila kilichomo, halafu akatoka nje kukwangua theluji kizingitini.

Saa nane na nusu mchana, giza likiwa limebana madirisha na shangazi akiwa ghorofani, Eldrid alibaki peke yake. Alitaka kufuta picha moja yenye ukungu. Mkono ukateleza, akafuta folda nzima ya majina, kazi yao ya mwezi mzima. Kwa kuhangaika akamwaga na pipa la taka la kompyuta.

"Mama yangu we!" alinong'ona.

Akakumbuka programu ya shangazi. Kila jioni kompyuta ile hujipiga picha, si ya sura, bali ya kila ilichokihifadhi wakati huo. Programu huzipanga picha hizo kwenye orodha, kila moja na tarehe yake, na chini yake vitufe viwili: "Toa faili" na "Rudisha diski yote". Hicho cha pili shangazi alikikataza kabisa. Lakini Eldrid alisikia nyayo ngazini. Akachagua picha ya jana jioni, akabonyeza cha pili.

Kioo kikawa cheusi, akajiona uso wake ndani yake. Kisha kikawaka. Folda ilikuwepo! Akashusha pumzi.

Lakini mbona uso wa msichana mwenye kilemba cha sufu umeandikwa tena "Hajulikani"? Mchana shangazi alikuwa amemwandika Dagny. Eldrid akafungua mwingine, na mwingine. Muda mfupi uliopita walikuwa na majina, sasa hawana. Akatafuta sauti ya Bibi Gunnvor. Haikuwepo. Kikombe cha bibi kilikuwa bado mezani, alama ya midomo ukingoni, lakini kwa kompyuta ile hakuna mtu aliyeingia chumbani siku hiyo. Jumanne ilikuwa imemezwa. Nyuso zote kioo kizima zikamkodolea Eldrid macho.

Shangazi akaingia, akatazama, akapauka. "Jostein! Hebu njoo! Sauti umeiweka wapi?"

"Si hapo hapo!" Jostein aliingia na koleo lake. "Nimeihamisha kwa mikono yangu, haki ya Mungu!"

"Wewe ukiambiwa hamisha, unahamisha mpaka mwezini! Na kinasa umeshakisafisha?"

"Ulisema nisafishe..." Machozi yakamlengalenga.

"Nani mwingine ameigusa mashine hii?"

Eldrid akaangalia soksi zake.

Mlango ukalia. Bibi Gunnvor alikuwa amerudi kuchukua glavu aliyoisahau. Alipoelezwa, alikaa polepole kwenye kiti kilekile.

"Siwezi kurudia, Ragnfrid," alisema kwa sauti iliyokwaruza kama mlango mbovu. "Koo limekwisha. Basi, ni kana kwamba sikuja." Akainua macho kwenye nyuso. "Na hao nao ni kana kwamba hawakuzaliwa."

Hapo Eldrid alishindwa. "Ni mimi! Jostein hana kosa. Nilifuta folda, nikarudisha diski yote!"

"Ala!" Jostein alimaka. "Na mimi nalimwa hapa kama shamba!"

"Mbona ulinyamaza, mjukuu wangu?" Bibi aliuliza.

Eldrid alifungua kinywa, lakini shangazi alikuwa amekwisha kuivuta kibodi. "Hilo lingoje, bibi. Kabla ya kurudi nyuma, programu huipiga picha hali inayoachwa. Lakini picha ya namna hiyo isipofungwa kufuli, hufutwa saa ikigonga. Saa ngapi sasa?"

"Tisa kasoro dakika mbili," Jostein alisema, akitazama ukutani.

Kwenye orodha, chini kabisa, palikuwa na mstari mmoja wa rangi hafifu. Shangazi akabonyeza alama yake ya kufuli. Mstari ukakoza. Kisha akaifungua picha ile, akachagua kitufe cha kwanza, akatoa sauti tu, bila kugusa kingine; majina ya mchana yangeandikwa tena kwa kuisikiliza. Saa ya ukutani ikagonga tisa.

Sauti ikatoka kwenye spika, nzito, ya asubuhi: "Huyu ni Dagny. Alipenda kuimba..." Bibi Gunnvor alisikiliza sauti yake mwenyewe, mkono kooni.

Shangazi akamgeukia Eldrid. "Kosa la kwanza ni la mkono, mwanangu, na mkono wa nani hauponyoki? La pili ni la ulimi. Ungenyamaza dakika mbili zaidi, hakuna fundi duniani ambaye angetusaidia. Anayesema mapema huokoa na vya wenzake."

"Nisamehe, shangazi. Jostein, nisamehe."

"Jumanne ijayo theluji unakwangua wewe," Jostein alisema, akipangusa pua.

Bibi Gunnvor alivaa glavu yake, lakini hakuinuka. Alikuwa bado anamtazama Eldrid, akingoja jibu lake.

"Nilidhani, bibi," Eldrid alisema hatimaye, "kwamba jana ikirudi, kosa langu nalo litakuwa halijatokea."