Kifuniko Kisicho na Ufunguo

Siku za likizo, kazi ya kwanza ya Chiriku kila asubuhi ilikuwa kushika ncha mbili za shuka huku mama yake akishika nyingine mbili. Walivuta, wakakutana katikati, wakarudi nyuma, wakakutana tena, mpaka shuka likawa dogo la kubebwa kwa mkono mmoja. Mama yake alikuwa dobi. Alifua mashuka, foronya na taulo za nyumba ya wageni iliyokuwa upande wa pili wa mji, na chumba chao cha mbele kilinukia sabuni na pasi ya moto mwaka mzima.

Chiriku alikuwa na miaka kumi na miwili, na jina hilo alipewa na majirani kwa sababu ya mdomo wake. Aliongea akikunja nguo, akioga, akila. Mama alizoea kumwambia, "Pumzika basi, mwanangu, maneno hayaozi, utayakuta kesho." Asubuhi moja, hata hivyo, Chiriku alikuwa kimya. Alikuwa akitazama mawingu dirishani.

Nyumbani kwao mawingu yalikuwa yakimtisha kila mtu. Wiki iliyopita mvua ilimkuta mama njiani, na mashuka yaliyokuwa nyuma ya pikapu yakafika yamelowa chapachapa. Meneja wa nyumba ya wageni aliyatazama, kisha akamtazama mama, akasema kwa upole uliotisha kuliko makelele, "Ikitokea tena, mama, nitatafuta dobi mwingine." Kazi ile ndiyo iliyokuwa ikiwalisha.

Pikapu yenyewe ilikuwa kuukuu, na waliiita Shangazi, kwa kuwa ilifika inapotaka, ilikohoa njia nzima na hakuna aliyethubutu kuisema. Mlango wake wa nyuma uliharibika komeo zamani, ukawa unafunguka barabarani na kumwaga mafurushi. Mama alipochoka kuokota foronya za watu vumbini, aliupeleka ukachomelewa moja kwa moja. Tangu hapo mizigo ilipandishwa na kushushwa ubavuni, kwa juu.

"Leo tunaenda kuitafutia Shangazi kifuniko," mama alisema akivaa ndala. "Na kazi yako wewe ni Babu. Kule gereji kuna vyuma, kuna magari, na nje kuna barabara kubwa. Mshike mkono, usimwachie. Umenisikia?"

"Nimesikia, mama."

Babu alikuwa mdogo wake wa miaka mitano. Alirithi jina la baba yake mama, kwa hiyo nyumbani kila mtu, hata mama mwenyewe, alimwita Babu na kumwamkia shikamoo kwa utani. Babu huyu alikuwa na tabia moja. Akichoka, alijichimbia kwenye nguo na kulala humohumo. Mara ngapi walimtafuta nyumba nzima, kumbe yumo ndani ya kapu la mashuka anakoroma.

Walipitia kwanza nyumba ya wageni kuchukua mafurushi ya nguo chafu, ndipo wakaenda kwa fundi wa vifuniko. Alikuwa mwanamume mrefu mwenye penseli sikioni. Aliizunguka Shangazi akigongagonga mbavu zake.

"Gari hili limewahi kugongwa?" aliuliza.

"Limewahi kugonga," mama alijibu.

Fundi akacheka. Kisha akamweleza mama mambo yalivyo. Kulikuwa na turubai la kawaida linalokazwa kwa kulabu na mipira pembeni. Kulikuwa na turubai linalotandazwa juu ya fremu ya vyuma, likawa mfano wa hema. Na kulikuwa na kifuniko kigumu cha faiba, cheusi, kinachong'aa, kinachofunguka kwa juu kama sanduku la nguo. Hicho cha mwisho kilizuia mvua na wezi pia, lakini bei yake haikuwa ya mchezo.

"Mama, chukua hicho cheusi," Chiriku alidakia. Baba wa mwanafunzi mwenzake alikuwa nacho, na mwenzake huyo hakumaliza siku bila kukitaja. "Tukiwa na hicho tutaonekana watu."

"Kwani sasa hivi tunaonekana nini?" mama alimuuliza.

Fundi alisema ubavu mmoja wa Shangazi umepinda, hivyo ni vizuri wakijaribishe kwanza. Yeye na kijana wake wakakipandisha, wakakaza bawaba karibu na kichwa cha gari, wakakiegemeza juu kwa vijiti viwili. Kisha akamtazama Chiriku.

"Binti, hiki msikifunge. Komeo lake linajishika lenyewe, na ufunguo bado sijaletewa. Kikifungwa, hakifunguki mpaka nikivunje. Na kukivunja ni hasara."

Halafu yeye na mama wakaingia stoo kutazama maturubai, na kijana akarudi kwenye kazi yake nyuma ya jengo. Uani wakabaki Chiriku na Babu. Jua lilikuwa limetoka kali, na karakana ya jirani walikuwa wakikata vyuma kwa kelele za kutoboa masikio.

"Nataka kulala," Babu alisema.

"Subiri," Chiriku alimjibu. Alikuwa akipapasa kifuniko. Ili akipapase vizuri, alimwachia Babu mkono.

Alitaka tu kuona Shangazi atafananaje akiwa amefunikwa. Si kukifunga, la, kukishusha kidogo tu. Aliondoa kijiti kimoja, akaondoa na cha pili, huku amekishikilia kifuniko kwa mikono miwili. Kilikuwa kizito kuliko alivyodhani. Kikamponyoka, kikashuka chote, na komeo likalia kak.

Alikivuta. Alikivuta tena, akaning'inia, akaweka mguu kwenye gurudumu na kuvuta kwa mgongo. Wapi. Masikioni alisikia neno moja tu la fundi, hasara, na akamwona mama kwa mawazo, mama yule ambaye tayari alikuwa akihesabu mawingu, akiambiwa alipe kifuniko kilichovunjwa. Akaviokota vile vijiti, akavitupa chini ya gari, akaenda kusimama mbali, akijifanya hamnazo.

Mama na fundi walitoka stoo baada ya muda mrefu. Mama alikuwa na kipande cha turubai mkononi, uso umechangamka kidogo. Akatazama huku na huku.

"Babu yuko wapi?"

Chiriku aliutazama mkono wake mwenyewe. Kwa hofu ya kifuniko, alikuwa amemsahau mdogo wake kabisa.

Fundi naye alikuwa ameshakiona kifuniko. "Nani amekifunga hiki?"

"Upepo," Chiriku alisema. Hakukuwa na upepo.

"Mtoto hayumo humu ndani?"

Hapo ndipo angesema. Neno moja lingetosha. Lakini akisema hajui, ataulizwa alikuwa wapi, kwa nini alimwachia mkono, na nani aliondoa vijiti. Ulimi wake ukachagua njia fupi.

"Hayumo. Kilipojifunga nilikuwa nimemshika mkono. Halafu akachomoka, akakimbilia kule."

Kidole chake kikaonyesha geti.

Mama aliangusha kipande cha turubai na kukimbia. Ndala zake zilibaki uani. Nje ya geti malori yalikuwa yakipita mfululizo, na Chiriku alimsikia mama akiita jina la Babu kwa sauti ambayo hakuwahi kuisikia tangu azaliwe. Fundi akamfuata mbio, na kijana wake naye akatoka nyuma ya jengo na kuwafuata.

Chiriku alibaki peke yake. Alijaribu kukumbuka ni lini alimwona Babu mara ya mwisho. Hakumwona akienda getini. Kusema kweli hakumwona akienda popote. Alichokumbuka ni Babu amesimama kando ya gurudumu, akisema anataka kulala, na ndani ya Shangazi mafurushi ya mashuka yamejaa, laini, yanamngoja.



Alikwenda kwenye gari akaweka kiganja juu ya kifuniko, akakiondoa upesi. Kilikuwa cha moto kama kikaango. Akagonga kwa ngumi. "Babu! Babu, umo?" Akabandika sikio ubavuni. Kelele za vyuma vya jirani zilimeza kila kitu. Hakusikia kilio, hakusikia hodi, hakusikia hata kukwaruza. Labda hayumo. Na kama hayumo, kifuniko kitavunjwa bure, na uongo wake wote utajulikana bure. Labda mama ameshampata kule nje. Labda angoje kidogo aone.

Alisimama pale, na kila alipovuta pumzi aliwaza kama kule ndani kuna mtu anayevuta ya kwake. Hofu ya kugombezwa na mama ilikuwa kubwa, lakini hii ilikuwa nyingine. Akajikaza kisabuni, akakimbia.

Alimkuta mama kando ya barabara, miguu mitupu, amesimamisha lori zima na anamuuliza dereva kama ameona mtoto mdogo mwenye fulana ya njano.

"Mama, si upepo."

"Nini?"

"Si upepo. Ni mimi nilikifunga. Na sikuwa nimemshika mkono. Sikumwona akija huku, mama, nilisema uongo. Sijui alipo. Naogopa yumo ndani."

Mama aligeuka, na jinsi alivyokimbia kurudi, fundi mwenye miguu mirefu hakumfikia mpaka getini. Fundi akachukua mtaimbo, akauingiza chini ya ukingo wa kifuniko, akaukandamiza kwa uzito wake wote. Faiba ikapasuka. Akakandamiza tena, na kipande kizima pamoja na komeo kikang'oka.

Joto liliwapiga usoni. Nyuma ya furushi la mwisho, karibu na kichwa cha gari, Babu alikuwa amelala ubavu, nguo zimelowa jasho, midomo imekauka, macho nusu wazi. Mama alimwita. Hakuitika. Chiriku aliona kifua cha mdogo wake kikipanda kidogo, kikashuka, na yeye mwenyewe akakaa chini kwenye vumbi.

Walimweka kivulini, wakamvua nguo, wakamlowesha kwa maji na kumpepea kwa kipande kile cha turubai. Kisha fundi akashika usukani wa Shangazi, mama akampakata Babu, na wakaenda kituo cha afya.

Muuguzi alifanya kazi haraka, bila maneno mengi. Alipotoka nje baadaye, alikuwa ameshalegeza mabega. "Atapona. Ameanza kuongea," alisema. "Lakini mjue, gari lililofungwa juani linageuka tanuri kwa muda mfupi, na mwili wa mtoto unapata moto upesi kuliko wetu. Mngechelewa kidogo, ningekuwa nawaambia maneno mengine."

Mama aliketi kwenye benchi.

Fundi alikuwa amesimama ukutani, penseli bado sikioni. "Mama Chiriku, kosa la kwanza ni langu," alisema. "Gari lenye mlango wa nyuma uliochomelewa halifai kuwekewa kifuniko kinachojishika chenyewe. Nililijua hilo, nikakiweka na kuondoka. Na kile kilichovunjika usiniulize. Ningekivunja hata kingekuwa cha dhahabu."

"Nifungie turubai," mama alisema. "Lile la kulabu. Nataka kitu ambacho mtoto akikisukuma kwa ndani kinanyanyuka. Na ule mlango wa nyuma uufungue, uutie komeo jipya."

"Utakuwa tayari kesho. Na mvua haitapita, hilo nakuhakikishia."

Fundi alipoondoka, Chiriku alibaki mbele ya mama yake akitazama sakafu. Alikuwa akingojea kofi. Alitamani lije, liishe.

"Nitazame," mama alisema. "Kwa kile kifuniko ningekugombeza sana, sikufichi. Ningekasirika, na hasira yangu ingekwisha kabla ya chakula cha jioni. Lakini uliponionyesha geti, mimi nilikwenda getini. Nilikuwa barabarani namwita mwanangu, naye yuko nyuma yangu, kwa sababu nilikuamini wewe."

Chiriku alianza kutoa machozi.

"Ulikuja ukasema, na umemwokoa. Hilo nalo nimeliona. Ila sikiliza. Kuogopa si kosa. Hata mimi naogopa kila siku. Ukiogopa, sema ukweli hivyohivyo unavyoogopa. Sauti ikitetemeka, mimi nitaisikia tu. Ukingoja mpaka hofu iishe ndipo useme, huenda ukachelewa."

Muuguzi akawaita ndani. Babu alikuwa ameketi kitandani akinywa maji kwa vijiko, mdogo, amechoka. Alimtazama mama, kisha dada yake.

"Nani alizima jua?" aliuliza.

Chiriku alimgeukia mama. Mama hakumsaidia.

"Mimi," Chiriku alisema, na sauti yake ikatetemeka sana. "Nilifunga kifuniko bila kuangalia kama umo. Halafu nikasema ni upepo."

Babu alifikiri kidogo, kijiko mdomoni.

"Nilikuita," alisema. "Sikumwita mama. Nilikuita wewe."

Chiriku akapiga magoti kando ya kitanda na kulia, na mama akamwacha alie.