Hakuna Msikilizaji Garini

Sikio-Sanifu lilishusha vijinyuzi vyake vinne kutoka darini mwa gari, vyembamba kama ndevu za kambare, likavipitisha kando ya masikio ya Mama Yudita. Kazi yake ilikuwa hiyo: kupima masikio ya kila abiria, kisha kuipangia amplifaya ya muziki nguvu, besi na kichujio bila mkono wa fundi kugusa kitu. Sekunde tatu tu. Jiji zima la Dodoma lilikuwa limesahau kwamba zamani walikuwapo watu waliokula kwa kuzungusha vifundo vya sauti.

"Hakuna msikilizaji garini," likasema kwa adabu. "Amplifaya imezimwa ili kuokoa umeme."

Ndahani, fundi na mwenye gari, aliipiga dashibodi ngumi. "Hakuna msikilizaji? Na huyu mama yangu aliyekaa hapa ni gunia la uwele?"

"Uzito wa kilo hamsini na nane umetambuliwa kwenye kiti. Usikivu wake ni sifuri."

Mama Yudita hakusikia hata neno. Masikio yake yaliziba miaka sita iliyopita. Ila alisoma midomo ya mwanawe, akaona ilivyokunjwa.

"Limesema nimekufa tena?" akauliza kwa sauti ya kuitia ng'ombe. "Liulize mazishi ni saa ngapi, nivae vizuri."

Utani ule ulimkera Ndahani zaidi, maana alijua unafunika nini. Mama ndiye aliyeongoza kikundi cha wanawake wapiga muheme, ngoma ile ya Wagogo inayobanwa mapajani. Tangu awe kiziwi alifanya mazoezi kwa mgongo: Ndahani alimfungia sabufa, spika ile ya besi, nyuma ya kiti; rekodi ya kikundi ikipigwa, mtetemo unampanda uti wa mgongo, na mikono inaitikia. Wiki tatu zilizopita jiji likaamuru hata magari ya zamani kama hili yafungwe Sikio, na sabufa ikanyamazishwa. Wiki iliyopita mama akapotea mapigo mbele ya wenzake. Sherehe ya mavuno ilikuwa Jumamosi, na walishamwambia: ukipotea tena, utakaa na wageni kutazama.

"Washa sabufa," Ndahani akasema. "Anasikia kwa mgongo."

"Mgongo si kiungo cha kusikia, fundi."

"Nani kakufundisha upumbavu huo?"

Sikio likapekua kumbukumbu zake, kama karani anayetafuta faili. Halafu ikatoka sauti ya mtu, changa, ya majivuno, na nyuma yake watu wakicheka: "Fundi anayejua kazi hupima sikio kwanza. Asiyesikia usimpotezee umeme, utakuwa unakiimbia kisiki!"

Sauti ilikuwa ya Ndahani mwenyewe.

Miaka tisa nyuma kampuni moja ilimvalisha kofia ya kunakili ufundi, ili kulifundisha Sikio. Miezi minne ikamfuata kazini, ikachukua kila alichogusa na kila alichotamka. Kila fundi ana utani wake wa kuchekesha wateja. Wa Ndahani ulikuwa huo. Mashine haikujua kucheka. Iliuandika kama kanuni.

Hasira iliyokuwa ikitafuta wa kumng'ata ikarudi kwa mwenyewe. Akanyakua koleo.

"Kuharibu Sikio ni kosa la—"

Alikata hadi waya wa nne. Ndevu za kambare zikamwangukia mabegani.

Sasa amplifaya iliyokuwa chini ya kiti ilirudi chini ya amri ya vifundo vyake, vilivyojaa vumbi. Akapiga magoti nyuma ya kiti. Nguvu akairudisha sifuri. Kichujio akakiweka hezi themanini, sauti nene tu ndizo zipite. Akawasha rekodi, akatega sikio kama alivyozoea. Akasita. Akachana pamba kutoka boksi la huduma ya kwanza, akaziba masikio yote mawili, akaegemeza kifua kwenye sabufa.

Akapandisha nguvu polepole. Mbavu zikaanza kunong'onezwa. Mama akainua kidole: ongeza. Akaongeza. Kiganja kikashuka ghafla: umekwaruza! Yeye fundi hakuhisi mkwaruzo wowote. Mgongo wa mama uliukamata. Akarudisha nyuma unywele mmoja.

Mikono ya Mama Yudita ikashuka mapajani, ikapiga. Ilipiga hadi rekodi ikaisha, na haikupotea hata mara moja.

Aligeuka taratibu. Ndahani, masikio yangali na pamba, akasoma midomo yake. "Lile dude nani alilifundisha?"

Kumdanganya msoma midomo ni kazi nyepesi, lakini Ndahani hakumdanganya.

"Mimi, mama. Niliwaambia asiyesikia ni kisiki."

Kofi likamshukia kisogoni. "Hilo la kwangu." Likaja la pili. "Hilo la kisiki."

Mama akatazama barabarani. Magari yalipita kwa mamia, na kila moja lilikuwa na sauti ya mwanawe darini.

"Na viziwi waliomo mle?"

"Wanaambiwa hawamo."

Mama Yudita akaokota koleo sakafuni, akamwekea mkononi, akamkunjia vidole juu yake.

"Basi hiyo pamba usiitoe hadi na wao wasikie."