Tuliyemvuta Kutoka Tororo

Mume wangu Mangeni huendesha nyumba. Si mzaha. Ni gari refu lenye kitanda, jiko na choo, mali ya watu wa utalii wa Nairobi, na kazi yake ni kuwazungusha wageni Uganda nzima huku wakikaanga mayai humo humo ndani. Akishawashusha Entebbe hulirudisha tupu kupitia Busia. Safari ile alikuwa ameendesha siku kumi na mbili mfululizo, macho mekundu, na bado tulikuwa na shughuli yetu wenyewe. Tulitakiwa kulivuta gari la marehemu dada yake kutoka Tororo mpaka kwao Funyula.

Wifi yangu Taaka aligongwa na lori mwaka jana kwenye kona moja ya msitu wa Busitema. Tulimchukua mochari ya Tororo, tukapita naye Malaba mbiombio kwa sababu ya mvua, tukamzika. Hakuna aliyekwenda na tawi kuiita roho yake pale barabarani, kama Wasamia tunavyofanya kwa aliyefia njiani. Tangu siku hiyo mama mkwe hakulala. Taaka humjia ndotoni, miguu inamuuma, anasema bado anangoja gari. Mama alikuwa amekonda mpaka kitenge kikawa kinamzunguka mara tatu.

Alimwagiza Mangeni kwa simu, nami nikisikia. "Mwite pale roho ilipomtoka. Ukishamwita usigeuke nyuma. Na usimbebe mtu mwingine njiani mpaka umfikishe kwangu."

Nilivuka mpaka asubuhi nikamkuta Mangeni Tororo, kwenye yadi ya magari yaliyopata ajali. Ile Vitz ya Taaka ilikuwa imebonyea mlango wa dereva, lakini magurudumu mazima. Pembeni yake kulikuwa na basi lisilo na paa na pikapu mbili zilizokunjamana. Mangeni alifunga chuma cha kuvutia, akaachia gia, akafungua usukani ili magurudumu yafuate. Kisha akakata tawi, akalipitisha juu ya kiti, akapiga mwayo.

"Haya, twende nyumbani," akasema.

Hata jina hakutaja. Nikamuuliza kama kweli ni hapa pa kumwitia. Akajibu kwamba Taaka alifia ndani ya gari, na gari ndilo hili, sasa nataka nini tena? Nilikuwa na njaa na jua lilikuwa kali. Nikamwacha, nikapanda gari. Ninajuta mpaka leo.

Kugeuka nyuma tulikatazwa, ila nyumba ile ina kamera kisogoni na skrini mbele ya dereva. Tuliiona Vitz ikitufuata kwa upole, kioo chake kimejaa jua. Mangeni akalalamika kwamba gari ni zito kuliko alivyotegemea. Nikamwambia ni uchovu.

Tulifika Busitema kama saa nane mchana. Kwenye kona ile alisimama mwanamke mfupi, gauni la buluu, hana viatu. Alikuwa amenyoosha mkono kusimamisha gari. Mangeni akaondoa mguu kwenye mafuta.

Nilimshika mkono. "Tusimbebe mtu."

"Mama Rasto, lakini huyo ni..."

"Si yeye," nikamnong'oneza. "Yeye tunaye nyuma."

Akakanyaga mafuta. Tukampita karibu sana. Sikumtazama usoni, Mungu anisamehe.

Ndipo nikaangalia skrini, nijihakikishie. Jua lilikuwa limetoka kwenye kioo. Usukani wa gari linalovutwa huzunguka wenyewe, hilo nalijua. Lakini juu yake kulikuwa na mikono. Mikubwa. Ya mwanamume.

Kurudi hatukuweza. Gari linalovuta lingine kwa chuma halirudi nyuma, chuma kitapinda. Mangeni alikuwa akilia kimya kimya huku akiendesha.

Mpakani tuligongewa mihuri. Afisa wa upande wa Uganda alichungulia dirishani kwake, akatuuliza bila haraka, "Na yule wa gari ndogo, yeye hana pasipoti?"

Mangeni akasema hakuna mtu. Afisa akatazama tena. Akafunga dirisha.

Funyula mama mkwe alitupokea na maji kwenye kata, anatabasamu kwa mara ya kwanza mwaka mzima. Akafungua mlango wa Vitz. Taaka alikuwa mfupi, aliendesha akiwa amekumbatia usukani. Kiti kilikuwa kimesukumwa nyuma mpaka mwisho.

Mama akaweka mkono juu ya kiti hicho.

"Huyu si wangu," akasema. "Wangu mmemwacha wapi?"

Usiku huo Taaka hakumjia. Alimjia mwanamume mrefu akisema maneno ambayo mama hakuyajua. Asubuhi alimrudishia maneno hayo jirani yetu Osinya, ambaye ni Mteso. Osinya aliinamisha kichwa kabla ya kutufasiria.

"Anasema alikuwa amejilalia pale yadini. Anauliza mlimwitia nini."

Siku hiyo hiyo tulirudi Busitema, mimi, Mangeni na mama, tawi mkononi. Mama aliita jina kamili, jina la utoto, jina la bibi alilorithishwa. Aliita mpaka sauti ikakauka. Msitu haukujibu.

Mimi ndiye niliyeziona. Kando ya lami udongo ulikuwa bado laini kwa mvua ya juzi. Nyayo ndogo, peku, vidole vimezama kwa nguvu, hatua ndefu za mtu anayekimbia. Zilianzia pale kwenye kona, zikaelekea Busia, upande wetu wa barabara. Tulizifuata karibu nusu maili. Hatua zikawa fupi. Kisha zikawa za kuburuta.

Mwisho wake, majani yalikuwa yamelala, mahali pa kumtosha mtu mmoja mfupi aliyekaa chini kupumzika.