Mkandaji wa Chumba cha Mashuka

Mgongo wa Nsimire ulikwama saa nne za asubuhi katikati ya soko kuu la Bujumbura, mbele ya akina mama wauza ndagala, wale dagaa wa ziwani. Aliinama kuinua kikapu chake, akashindwa kuinuka. Akabaki vilevile, kitenge chake cha kijani kikiburuta matopeni, watu wakimzunguka kama wanavyolizunguka shimo la barabarani.

Alikuwa muuguzi, mzaliwa wa Uvira, mwenye miaka ishirini na saba. Miezi ile ya vita hospitali yao ilikuwa imefurika majeruhi. Vitanda vilikwisha, watu wakalazwa kwenye mikeka hadi kwenye korido, na wauguzi waliinama mpaka sakafuni kuwafunga vidonda, kuwageuza na kuwanyanyua, kutwa nzima.

"Usijikaze, dada," sauti ya mwanaume ilisema nyuma yake. "Ukijikaza itakuuma zaidi. Unaniruhusu?"

Aliruhusu, maana angefanyaje? Vidole gumba viwili vikamkandamiza juu kidogo ya kiuno, pole pole, mpaka kitu ndani yake kikalegea. Alipoinuka machozi yalikuwa yakimtiririka. Mbele yake alisimama kijana mrefu wa kofia nyeupe ya kufuma na shati la buluu lililopigwa pasi vizuri. Jina lake Shakuru, mwenyeji wa mtaa wa Buyenzi, muuza vipuri vya magari. Kukanda alifundishwa na bibi yake, aliyekuwa akiwakanda wanawake waliojifungua wa mtaa mzima. Alimwuliza Nsimire ni nani anayemtesa hivyo. Nsimire akamjibu kuwa ni vita.

"Basi mi nimepata kazi ya miaka mingi," alisema Shakuru.

Nsimire alimpeleka kwa Irène, mkuu wa wauguzi. Irène mwenyewe alikuwa amejifunga kiuno kwa kipande cha kitenge ndani ya sare, na wiki iliyotangulia muuguzi mmoja alikuwa ameanguka na mgonjwa mikononi. Hakusita. Alimpa Shakuru chumba cha mashuka kila adhuhuri, na meza moja yenye blanketi. Wauguzi waliingia mmoja mmoja, robo saa kila mtu. Harufu ya kafuri ilisambaa hadi kwenye korido. Médiatrice wa chumba cha upasuaji alilala palepale mezani akakoroma. Wengine walilia chini ya mikono ile, wala hawakuulizwa sababu.

Zamu ya Nsimire ilikuwa ya mwisho, na ilizidi robo saa. Kisha kila siku, saa nane, simu ya wodi ililia.

"Hallo. Mi ni ndugu ya mugonjwa."

"Mugonjwa gani?"

"Wa moyo. Anaitwa Shakuru."

"Dawa yake haiko hapa, bwana."

"Najua, chérie. Iko kwako. Nitaifuata."

Shangazi yake Nsimire hakutaka kusikia habari za mkwe Mwislamu. Hata hivyo, Jumapili ambazo barabara ilikuwa wazi, wawili hao walikwenda Kajaga, ufukoni mwa ziwa, kula samaki, Nsimire amevaa gauni la njano na hereni za kuazima, na Shakuru akimchambulia miba.

Kisha Shakuru akaanza kuondoka mapema kila Jumanne. Akiulizwa, alisema ana shughuli. Adhuhuri moja Nsimire alimpelekea chakula, akakuta mlango wa chumba cha mashuka umefungwa, nao siku zote ulikuwa wazi. Akausukuma. Fabiola, muuguzi mdogo kuliko wote na mzuri kuliko wote, alikuwa ameegemeza kichwa kwenye bega la Shakuru, na mkono wa Shakuru ulikuwa mgongoni mwake.

Nsimire aliweka chakula chini akatoka. Kesho yake simu ililia.

"Kuna neno si langu," alisema Shakuru. "Nikikuambia, mutu anaweza kufa. Uniamini tu."

"Mutu gani? Fabiola?"

"Apana. Uniamini, Nsimire."

Nsimire alikata simu. Shakuru alipiga mara nne zaidi, na kila mara Nsimire aliwaambia wenzake waseme hayupo. Wiki mbili nzima aliinamia mikeka kwa meno yaliyoumana, mgongo ukimuwaka, akiwatazama wenzake wakitoka chumba kile wamenyooka.

Jumanne iliyofuata, Astère, sajini wa askari waliolinda hospitali, alifika wodini huku ameshika shingo. Alimtaka yule mkandaji. Alikuwa wapi?

Mwezi ule kulitaja jina la mtaa wa Cibitoke mbele ya askari kulitosha kumwangamiza mtu. Ilisemekana waasi wamejificha kule. Na Nsimire alikwisha kusikia dereva wa ambulensi akisema kamwona Shakuru njia ya huko.

"Leo ni Jumanne," Nsimire alimwambia sajini. "Jumanne anakwendaka Cibitoke. Ana watu wake kule."

Sajini alimshukuru kwa adabu.

Alhamisi Shakuru aliletwa kwenye mkokoteni. Aliyekuwa zamu korido ile alikuwa Nsimire. Vidole vya Shakuru vilikuwa vimevimba vikawa vyeusi. Askari waliilaza mikono yake kwenye kizingiti cha mlango wakaiponda kwa vitako vya bunduki. Nsimire alipiga magoti, akavifunga kimoja kimoja, na katika kufunga akausikia ukweli wote. Mama yake Fabiola aliangukiwa na paa kule Cibitoke. Hakuweza kuinuka wala kubebwa kupita vizuizi vya askari, na binti yake angepita asingerudi; Waislamu wa Buyenzi waliachwa kupita. Shakuru alikwenda kumgeuza na kumkanda asioze mgongo. Askari waliuliza ni waasi gani anaowatibu. Mama yule walimpiga risasi palepale kitandani.

"Fabiola aliniapisha nisiseme," alisema Shakuru. "Sasa hakuna wa kuficha. Unisamehe, mupenzi."

Yeye ndiye aliyeomba msamaha.

Wiki tatu Nsimire alimlisha uji kwa kijiko, akamwosha, akamsomea barua za nduguze. Daktari alisema vidole gumba havitafanya kazi tena. Wauguzi walikuwa wameanza kuanguka upya, kwa hiyo Shakuru, akiwa mkekani, alimfundisha Nsimire kwa maneno: wapi pa kukandamiza, wapi pa kuacha. Mwishowe, siku moja asubuhi, alimwambia:

"Mikono hairudi. Lakini kama unanitaka hivi hivi, nitume wazee kwa shangazi yako."

Kabla hajajibu, Fabiola alipita, kitambaa cha msiba kichwani. Alisimama kumshukuru Nsimire kwa kumtunza mtu aliyeteswa kwa ajili ya mama yake. Alimwita dada. Alipokwenda, Nsimire alishindwa kuinua macho.

"Ni mi nilimwambia sajini," alisema.

Shakuru aliuliza: "Ulijua watafanya nini?"

Angeweza kusema hapana, na huenda angeaminiwa.

"Nilijua."

Shakuru aliinuka. Alimwomba amfunge vifungo vya shati, maana mwenyewe hawezi. Nsimire alivifunga vyote, kuanzia shingoni. Kisha akainama akamfunga kamba za viatu pia. Alisubiri tusi, au kofi la mikono ile iliyofungwa bendeji. Shakuru alisema asante, kama mgonjwa anavyomshukuru muuguzi asiyemfahamu, akashika njia ya Buyenzi.

Kesho yake adhuhuri Fabiola aliingia chumba cha mashuka, ambamo sasa mkandaji alikuwa Nsimire. Macho yalikuwa yamemvimba, na alitembea kama mwanamke mzee.

"Nimepitia kwa Shakuru kumujulia hali," alisema. "Nimemwambia mugongo unaniua tangu mama afe. Amesema nije kwako kila siku, nisishikwe na mutu mwingine."

"Amesema nini tena?"

"Basi. Amesema we utanikanda vizuri kuliko wote."

Fabiola alipanda mezani, akalala kifudifudi, akafumba macho. Nsimire alipaka mafuta viganjani. Kwa muda hakujua aanzie wapi. Kisha akaweka mikono juu ya mgongo ule, akahisi ulivyokaza kama kamba ya kisima, akaanza kukanda, pole pole, juu kwenda chini.

"Asante, dada," alisema Fabiola kwa sauti ya usingizi. "Usiache."

Hakuacha.